Daraja la gitaa limebanduka: libandike mara moja, lisitoke tena

Magitaa mengi yanayofika mezani kwangu yakiwa na daraja lililobanduka yameshabandikwa tayari. Mwenye gitaa hulitoa daraja kwenye begi, limefungwa kwa gazeti, na maelezo ni yaleyale: "Fundi, tulitia supaglu, likashika vizuri kabisa. Jumapili ya pili, katikati ya wimbo, paa!"

Nikiligeuza daraja nakuta supaglu juu ya gundi ya kiwandani, juu yake gundi ya viatu, na pembeni alama ya skrubu ambayo mtu alijaribu kuipiga akakata tamaa. Kila aliyeligusa aliongeza kitu. Hakuna aliyeondoa.

Kosa lipo hapo. Gundi ya mbao hushika mbao. Haishiki vanishi, haishiki gundi ya zamani, wala haishiki supaglu iliyokauka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kukwangua na kulinganisha. Kupaka gundi kwenyewe hakuchukui hata dakika tano.

Tuelewane majina kwanza. Ubao wa mbele wenye tundu la sauti nitauita kifua. Daraja ni kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi chini ya tundu. Juu yake kuna kijiti cheupe cha plastiki au mfupa ambacho nyuzi hukilalia: hicho ni kijiti cha daraja. Mwenzake, ule mwanzoni mwa shingo karibu na kichwa, ni kijiti cha juu. Ndani ya gitaa, chini ya daraja, kuna kibao cha ndani, na vile vibao vyembamba vinavyokipa kifua nguvu ni mbavu.

Vifaa: viweke mezani kabla hujaanza

- Gundi ya mbao ya kawaida, nyeupe au ya njano, iliyofunguliwa karibuni. Ile isiyopitisha maji iache, kwa sababu siku nyingine itabidi daraja litoke tena na fundi atakulaani. Gundi iliyokaa hadi ikawa na nyuzinyuzi au harufu ya uchachu, tupa.
- Patasi kali ya upana wa milimita 12 hadi 20. Kali maana yake inanyoa nywele za mkono.
- Wembe au kisu cha kukatia karatasi.
- Msasa namba 80 na namba 120.
- Kisu chembamba cha kupakia puti, kisicho na makali.
- Pasi ya nguo, foili ya jikoni na kitambaa cha pamba.
- Tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi.
- Rula ya chuma yenye milimita, penseli, kioo kidogo na tochi ya simu.
- Bolti 2 za milimita 4, ndefu kiasi cha sentimita 6, na washa na nati zake. Hizi ni kwa gitaa lenye pini, yaani vile vijiti vidogo vinavyobana nyuzi ndani ya matundu ya daraja.
- Klampu 2 au 3 zenye mdomo mrefu wa kuingia kwenye tundu la sauti. Kabla ya kununua, pima kutoka ukingo wa tundu hadi nyuma ya daraja, uende dukani na kipimo hicho.
- Vipande vya mbao ngumu vya kukandamizia, mshumaa, kitambaa chenye unyevu na mswaki wa zamani.

Klampu za mdomo mrefu ndizo zinazosumbua watu kuzipata. Kama gitaa lako lina pini, bolti mbili zinatosha, na mimi mwenyewe nilifanya kazi kwa bolti muda mrefu kabla sijamiliki klampu hata moja ya kueleweka.

Hatua ya 1: Jua kwa nini limetoka

Usiguse kitu hadi ujue sababu, maana ukibandika vizuri na kuiacha sababu palepale, utakuwa umejipa kazi ya mwezi ujao.

Sababu inayoongoza huku kwetu ni nyuzi za chuma kwenye gitaa la nyuzi za nailoni. Gitaa la nailoni halina pini. Nyuzi hufungwa kwenye daraja lenyewe, na mvuto wote hubebwa na gundi peke yake. Nyuzi sita za nailoni huvuta jumla ya kilo 40 hivi. Seti ya chuma inayoanzia namba 12 (namba ya unene wa uzi mwembamba kabisa) huvuta zaidi ya kilo 70: mfuko mzima wa saruji na karibu nusu ya mwingine. Daraja hilo litatoka hata libandikwe na nani. Kama mwenye gitaa anataka sauti ya chuma, mwambie ukweli kwamba anahitaji gitaa lingine.

Sababu ya pili ni joto. Gundi ya mbao hulegea joto likishapita nyuzi 60 na kitu, na gari lililofungwa vioo juani Dar es Salaam au Mombasa hufika huko bila shida. Gitaa lililolala kwenye buti kutoka asubuhi hadi saa tisa, nyuzi zikiwa zimekazwa, linalegeza gundi taratibu huku likivutwa.

Ya tatu ni kiwanda. Magitaa mengi ya bei nafuu hubandikwa daraja juu ya vanishi, au vanishi hukwanguliwa katikati tu na pembeni ikaachwa. Gundi imeshika nusu ya eneo. Miaka miwili, mitatu, ukingo wa nyuma unaanza kunyanyuka.

Ingiza kipande cha karatasi nyembamba chini ya ukingo wa nyuma na ukitembeze kulia na kushoto. Kikiingia zaidi ya milimita 2 au 3, daraja linaondoka, ni suala la siku tu. Kisha tia kioo na tochi ndani. Angalia kibao cha ndani kama kimeliwa na vile vishanga vya mwisho wa nyuzi, na bonyeza mbavu kwa kidole ujue kama kuna iliyoachia. Ubavu ulioachia hubandikwa kwanza, kabla ya daraja.

Tazama pia ukingo wa tundu la sauti. Ukiona matabaka, kifua ni plaiwudi. Ukiona mistari ya mbao inashuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini, ni mbao nzima. Plaiwudi haisamehe: tabaka la juu ni jembamba mno, na patasi ikizama kidogo umelitoboa.

Hatua ya 2: Litoe lote, hata kama limenyanyuka nusu

Watu hupenda kudunga gundi kwenye ufa kwa sindano, wakabana na kwenda zao. Ndani ya ufa huo kuna gundi ya zamani na vumbi, na ukiukandamiza bila kuusafisha umefunga mlango juu ya uchafu. Litoe.

Legeza nyuzi zote, zitoe, toa pini, kisha vuta kijiti cha daraja kitoke. Kijiti kikibaki kitayeyuka. Funika kifua kuzunguka daraja kwa katoni iliyokatwa tundu la saizi ya daraja na kuvishwa foili, kwa sababu vanishi huvimba kwa joto.

Weka kitambaa cha pamba juu ya daraja, kisha pasi kavu, bila mvuke, kwenye joto la kati. Iache dakika moja, inua, jaribu kuingiza kisu cha puti kwenye kona ya nyuma. Hakiingii? Rudisha pasi dakika nyingine. Ukingo ukianza kukubali, sukuma kisu polepole kwa kufuata mistari ya mbao. Kazi yote huchukua dakika 5 hadi 15.

Onyo: usiache pasi moja kwa moja ukaenda kunywa chai. Joto hupita hadi chini na kulegeza gundi ya kibao cha ndani na ya mbavu, na hapo umejipa ugonjwa mwingine.

Kuna jambo ambalo halionekani kwa macho. Kifua cha mbao nzima hutengenezwa kwa vipande viwili vilivyopasuliwa kutoka ubao mmoja na kufunguliwa kama kitabu, kwa hiyo nyuzinyuzi za upande wa kulia huzama kuelekea upande mmoja na za kushoto kuelekea mwingine. Ukiona kisu kinachimba mbao na kuinua vibanzi, simama. Toa kisu, ingia kutoka upande wa pili wa daraja. Mara nyingi nusu ya daraja hutolewa kutoka nyuma na nusu kutoka mbele.

Umefaulu ikiwa daraja limetoka bila kubeba vipande vya kifua. Vikitoka vibanzi, usivitupe. Vilivyobaki kwenye daraja vitoe kwa wembe, uvirudishe mahali pake kwa gundi kidogo, funika kwa nailoni, kandamiza, subiri siku moja. Ndipo uendelee.

Hatua ya 3: Safisha hadi uone mbao

Kama utafanya haraka hatua nyingine zote, hii usiikimbize.

Anza na daraja. Ligeuze, ukwangue chini yake kwa patasi iliyosimama wima, ukiivuta kuelekea kwako. Kipande cha kioo kilichovunjika hufanya kazi hiyohiyo, kama wanavyofanya maseremala wa zamani, ila vaa glovu. Gundi nyeupe ya zamani hulainika kwa kitambaa chenye maji ya moto. Supaglu hulainishwa na asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Tumia asetoni kwenye daraja tu, mbali na gitaa. Tone moja kwenye kifua hula vanishi na kuacha kovu la kudumu.

Sasa kifua. Weka daraja mahali pake, bandika tepu kuzunguka kingo zake, kisha lichore kwa penseli kali. Liondoe. Ndani ya mstari huo, umbali wa nusu milimita hivi, kata vanishi kwa wembe. Narudia: kata vanishi, si mbao. Wembe ukizama kwenye mbao umekata nyuzinyuzi za kifua mahali hasa panapovutwa na kilo 70, na kifua kitapasuka kwenye mstari huo. Pitisha wembe mara nyingi kwa mkono mwepesi kuliko mara moja kwa nguvu.

Kwangua vanishi na gundi yote ndani ya mstari. Patasi ilale karibu kabisa na kifua, upande wa bapa chini, na uisukume kwa viganja, si kwa bega. Ukifika kwenye mbao tupu utajua: rangi inabadilika, inakuwa hafifu na kavu, na mistari ya mbao inaonekana wazi. Sehemu inayong'aa ukiielekeza taa bado ina gundi.

Kipimo changu ni maji. Chovya kidole, gusa sehemu mbalimbali. Mbao safi hunywa tone na kuwa nyeusi papo hapo. Palipo na gundi au vanishi tone husimama kama shanga. Futa, acha pakauke, rudi upakwangue.

Wapo wanaosafisha kwa msasa pekee kwa kuogopa patasi. Msasa husugua kingo zaidi ya katikati, na mwisho wa siku una kifua chenye kilima. Daraja likikaa juu ya kilima huyumba kama meza yenye mguu mfupi, na gundi ya mbao haijui kujaza pengo.

Hatua ya 4: Linganisha daraja na kifua

Kifua cha gitaa la nyuzi za chuma si bapa. Kina kitumbo kidogo, na gitaa likizeeka kitumbo huongezeka nyuma ya daraja. Lakini chini ya daraja lako pengine ni bapa kama rula. Ukiyabana mawili hayo kwa klampu yatagusana, ndiyo, lakini daraja litabaki limekunjwa kama upinde, na kila dakika ya maisha yake litakuwa likijaribu kujinyoosha. Mwisho gundi inachoka pembeni kwanza.

Bandika karatasi ya msasa namba 80 juu ya kifua, upande wenye mchanga ukiangalia juu, mahali hasa pa daraja. Chora mistari ya penseli chini ya daraja lote. Liweke juu ya msasa, usugue kwa miondoko mifupi ya sentimita moja au mbili kuelekea shingoni na kurudi. Bonyeza katikati, si pembeni. Geuza daraja utazame: penseli ilipobaki hapajagusa. Endelea hadi mistari yote ifutike, kisha maliza kwa namba 120.

Ondoa msasa, weka daraja kwenye kifua, washa tochi upande wa pili, uiname usawa wa macho. Mwanga usipite popote. Bonyeza kona moja moja, lisicheze. Mara ya kwanza kazi hii inaweza kukuchukua saa nzima. Mwanafunzi niliyewahi kuwa naye aliniuliza kama kweli ni lazima, kwa kuwa "klampu itavuta". Nilimwambia abandike kwa njia yake. Tulibandua pamoja baada ya wiki tatu.

Kama daraja lenyewe limepasuka

Ufa uliopita kwenye matundu ya pini hauzibiki kwa kuaminika. Chonga jipya. Daraja la kawaida la nyuzi za chuma lina urefu wa milimita 150 hivi, upana wa 35 hadi 38 na unene wa 9, mistari ya mbao ikienda kwa urefu wa daraja. Mfereji wa kijiti una upana wa milimita 3.

Mninga ni mbao nzuri kwa kazi hii, mwepesi na mtulivu. Mpingo unang'aa na kila mtu anautaka, na ukiwa Dar unaweza kuomba mabaki kwa wachongaji wa vinyago pale Mwenge, lakini ni mzito kiasi kwamba huzama majini. Daraja zito huziba sauti, basi ukitumia mpingo lipunguze unene pembeni. Mpingo pia una mafuta: upanguse kwa spiriti dakika chache kabla ya kupaka gundi. Na vaa barakoa wakati wa kuusugua, vumbi lake huwasha pua na ngozi.

Hatua ya 5: Mahali pa daraja

Kama daraja ni lile la kiwandani na matundu ya pini yanakutana na ya kifua, mahali pake panajulikana. Hata hivyo pima, hasa kama limeshabandikwa na mtu kabla yako. Nimeona daraja lililosogezwa milimita 4, na mwenye gitaa alikuwa ameshabadilisha seti tatu za nyuzi akidhani ni mbovu.

Pima kutoka ukingo wa ndani wa kijiti cha juu hadi katikati ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo). Zidisha kwa mbili. Gitaa lenye milimita 324 hadi freti ya 12 lina urefu wa 648. Kijiti cha daraja lakini hakikai kwenye 648 kamili, kwa sababu ukibonyeza uzi unaukaza na sauti inapanda kidogo. Kwa nyuzi za chuma ongeza milimita 2 hivi kwenye uzi mwembamba kabisa na 4 hadi 5 kwenye ule mnene. Ndiyo maana kijiti kimelala mshazari. Kwa nailoni kijiti kimenyooka, ongeza 2 hivi kote.

Halafu nyoosha uzi mmoja mwembamba kila upande, kutoka kijiti cha juu hadi darajani. Umbali kutoka ukingo wa shingo uwe karibu sawa pande zote mbili. Daraja lililokaa upande litafanya uzi wa kwanza uteleze nje ya freti.

Hatua ya 6: Bana bila gundi

Gundi ikishapakwa una dakika 5 hivi, na kwenye joto letu ni chache kuliko hizo. Si wakati wa kutafuta nati iliyodondoka uvunguni. Kwa hiyo bana kila kitu kikavu kwanza.

Gitaa lenye pini: chonga kibao cha kukaa ndani, kinachoingia katikati ya mbavu na kulala juu ya kibao cha ndani bila kupanda ubavu wowote. Kitoboe matundu mawili yanayokutana na matundu ya pini ya uzi wa kwanza na wa sita. Chonga kingine cha juu, kirefu sawa na daraja, chenye matundu hayohayo. Mabawa ya daraja, yaani ncha zake mbili, huwa chini kuliko katikati, basi bandika vipande vya katoni ngumu kwenye ncha za kibao cha juu hadi kiguse mabawa na katikati kwa pamoja. Paka bolti na vibao nta ya mshumaa visije vikagandia. Pitisha bolti, washa, nati, kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana. Uzuri wa bolti hizi ni kwamba zinashikilia daraja mahali pake, haliwezi kuteleza.

Gitaa la nailoni: halina matundu, kwa hiyo klampu za kupitia tundu la sauti ni lazima, angalau mbili, na tatu ni bora. Gundi mbichi huteleza kama sabuni. Kulizuia, toboa vitundu viwili vya milimita 2 ndani ya mfereji wa kijiti, kila mwisho kimoja, vipenye hadi kwenye kifua, uchomeke vijiti vya meno vilivyopakwa nta. Baadaye kijiti cha daraja kitavifunika.

Nakuonya kuhusu njia mbili za mkato. Kuzungusha mpira wa tyubu kwenye mwili mzima wa gitaa, na kuweka tofali au ndoo ya maji juu ya daraja. Ndani hakuna kinachokishika kifua, basi uzito unakisukuma chini katikati huku kingo za daraja zikiachia. Utapata kubandika kibaya na pengine ubavu uliovunjika juu yake.

Zoezi limefaulu ukiweza kuweka na kukaza kila kitu chini ya dakika 3 na tochi isipitishe mwanga popote.

Hatua ya 7: Gundi

Zima feni. Pangusa vumbi kwa mswaki mkavu, si kwa mkono, kwa kuwa vidole vina mafuta. Kama siku ni ya masika na kuta zinatoka jasho, acha gitaa lililotolewa nyuzi kwenye chumba kikavu siku moja au mbili kabla.

Paka gundi chini ya daraja, tabaka jembamba lililoenea hadi kwenye kingo, mbao ionekane kwa mbali chini yake. Paka na tabaka hafifu zaidi kwenye kifua. Liweke, lisukume mbele na nyuma kidogo sana hadi uhisi linashika, kisha bana kama ulivyofanya mazoezi.

Gundi itachuruzika pembeni kama mstari mwembamba wa shanga kuzunguka daraja zima. Hiyo ndiyo dalili unayoitaka. Pasipochuruzika hapana gundi ya kutosha, fungua haraka uongeze. Ikimwagika kama uji, umepaka nyingi, si hatari, ni usumbufu tu. Usizidishe kukaza: ukikaza kwa nguvu zote unaifukuza gundi yote nje na kuacha mbao kavu kwa mbao kavu.

Futa iliyochuruzika kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kwenye kona tumia mrija wa soda uliokatwa mshazari, unazoa gundi kama kijiko. Baada ya dakika 10 futa tena, huwa inatoka nyingine. Chunguza na ndani kwa kioo.

Hatua ya 8: Saa 24, na za masika 48

Gundi huonekana imekauka ndani ya saa moja. Usidanganyike. Ndani bado ni mbichi, na kwa mvuto wa kilo 70 itatambaa polepole bila hata kutoa sauti. Klampu zibaki saa 24. Wakati wa masika mimi naacha siku mbili. Mwenye gitaa atapiga simu kwamba ana ibada Jumapili. Mwazime lako.

Hatua ya 9: Nyuzi

Fungua klampu, pitisha ile karatasi nyembamba kuzunguka daraja. Isiingie popote. Gonga daraja kwa ukucha kutoka bawa hadi bawa: mlio uwe mmoja, mkavu. Sehemu inayosikika kama debe tupu haijashika.

Rudisha kijiti na uweke nyuzi. Kwa gitaa la chuma la bei ya kawaida napendekeza seti inayoanzia namba 10 au 11, zina mvuto mdogo kuliko 12. Unapoingiza pini, vuta uzi juu huku unasukuma pini chini, ili kishanga kikae ubavuni mwa pini na kukumbatia kibao cha ndani. Kishanga kikikaa chini ya ncha ya pini, pini itaruka usoni mwa mtu. Tia mkono ndani uguse kila kimoja.

Panda kwa awamu. Siku ya kwanza weka nyuzi sauti mbili chini ya kawaida, uziache usiku kucha. Kesho yake pandisha hadi mahali pake. Pima urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12: kwa chuma milimita 2.5 kwenye uzi mnene na 2 kwenye mwembamba ni pazuri. Kwa nailoni 4 na 3. Linganisha sauti ya uzi ukiugusa tu juu ya freti ya 12 na sauti yake ukiubonyeza hapohapo. Zikiwa sawa, daraja liko mahali pake.

Mpe mwenye gitaa, lakini mwambie alirudishe baada ya wiki moja. Akija, usianze kwa kulipiga. Chukua karatasi yako uipitishe kwenye ukingo wa nyuma, kisha uangalie ndani kwa kioo. Na muulize gitaa lilifikaje hapo, kwa mkono au kwenye buti la gari.